Kumwachia Mzee Ashinde

Ramadhani ya mwaka huu ilinikuta nimechoka tayari. Asubuhi nilikuwa Maplewood kwa bibi mmoja wa kuogeshwa na kulishwa uji, halafu naingia garini, nauvuka mto mkubwa wa hapa Minnesota, na kuanzia saa saba mchana niko Apple Valley nikipigana vita juu ya meza ya chakula. Nasema kweli. Kwenye karatasi za kazi imeandikwa kwamba namsaidia mteja kuoga, kula, kumeza dawa na kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu. Hakuna palipoandikwa kwamba nitakuwa jemadari wa Walakota na Wacheyenne, wenyeji wa kale wa Marekani.

Mteja mwenyewe alikuwa mzee wa Kizungu anayekaribia miaka themanini, mrefu hata akiwa amekaa, mgane, mwenye binti mmoja anayefanya kazi ya ofisi kule Golden Valley. Siku ya kwanza aliniambia nimwite kwa jina lake. Nikamwambia kwetu Mombasa mtu wa umri wake haitwi jina kavukavu, hasa na mwanamke aliyelelewa, na mimi nililelewa. Nikamwita Mzee, nikamweleza maana yake, akalipenda kuliko jina lake mwenyewe. Miguu yake ilikuwa haimbebi tena, na macho yalikuwa yameingia kiza katikati, akiona kingo za vitu tu. Akitaka kukutazama alikugeuzia sikio.

Vita vyenyewe ni vile vya Montana, kando ya mto uitwao Little Bighorn, zamani za askari wa farasi, ambavyo kila Mmarekani amevisikia shuleni. Kamanda mmoja wa jeshi la serikali alikwenda na wapanda farasi wake kukivamia kijiji kikubwa cha mahema. Alikataa kubeba bunduki kubwa za kufyatua mfululizo, kwa sababu zingemchelewesha. Hakuwasubiri wenzake waliokuwa wakija nyuma. Kijiji hakukiona chote, na bado akawagawa watu wake: hawa waende kushoto wakapeleleze, hawa wavuke mto wapige kwa mbele, hawa wakae na nyumbu waliobeba risasi, naye na waliobaki wapite vilimani upande wa kulia. Waliokwenda naye vilimani hakurudi hata mmoja.

Mzee alikuwa ameijenga nchi yote ile juu ya meza, zamani alipokuwa bado anaona. Vilima vya karatasi iliyolowekwa gundi, mto wa rangi ya buluu, mahema ya kitambaa, na vijiaskari vya bati virefu kama kidole gumba. Alikuwa na daftari la kanuni, na mwisho wa daftari orodha ya mambo ambayo yule kamanda angeweza kuyafanya badala ya yale aliyoyafanya. Angezichukua zile bunduki kubwa. Angesubiri siku moja zaidi. Angerudi kuwasaidia wale waliovuka mto walipozidiwa. Kila chaguo lilichezwa mara tatu, na matokeo yaliandikwa. Siku hizi mwandishi nilikuwa mimi, kwa Kiingereza changu cha herufi kubwa.

Mchezo ulikuwa rahisi. Vikosi viwili vikigusana, kila upande unatupa dadu, na mwenye namba ndogo anapoteza askari. Dadu alizichonga mwenyewe kwa mbao, kubwa kama kipande cha sukari guru, na vitundu vyake vimechimbwa kwa msumari. Kabla sijaja alikuwa akizipapasa kwa kidole ili ajue namba, na mchezo mmoja ulimla siku mbili. Nilipokuja mimi alifurahi kupata macho. Nikawa nasoma zake na zangu.

Mimi nilikuwa upande wa wenye kijiji, na sikukaa bila kusema.

"Mzee, kuna chaguo moja hukuliandika."

"Lipi?"

"Ageuze farasi arudi kwao. Hawa watu wako nyumbani, wanapika, watoto wanaoga mtoni. Amewafuata nini?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Hiyo haikuwa katika amri aliyopewa."

"Basi amri ilikuwa mbaya."

"Amri ilikuwa mbaya," alikubali. "Lakini mimi sijengi amri. Najenga siku moja tu, na watu waliokuwa chini yake." Sikuyatilia maanani maneno hayo siku ile, nilikuwa nafikiria futari.

Wiki ya kwanza nilimshinda sana, kwa bahati tu, maana mimi vita sivijui. Alizichukua bunduki kubwa, zikakwama mabondeni, nikamshinda. Akasubiri siku moja, kijiji kikamwona, nikamshinda mara mbili kati ya tatu. Alikuwa akiniambia niandike, na nikiandika alishusha pumzi, akaomba chai. Mimi nikaona huruma. Nilidhani ile pumzi ni ya mtu aliyeshindwa.

Hapa lazima nieleze habari ya babu yangu. Alipopatwa na kiharusi, nyumba yetu nzima pale Mji wa Kale ilikaa kikao jikoni bila ya yeye kujua, na uamuzi ukawa kwamba hashindwi dhumna tena. Mtu alikuwa na kipande cha kufungia, anakificha chini ya paja, anasema "sina," anapita. Hata mjomba wangu, ambaye kwa dhumna angeweza kumtukana imamu, alipita. Babu alishinda kila alasiri kwa miezi saba, akafa akijisifu. Hakuna kati yetu aliyeona tumemdanganya. Kwetu ile ilikuwa adabu, na mtoto ambaye angemshinda mgonjwa angeonekana hakufunzwa.

Basi wiki ya pili Mzee akafika kwenye chaguo la mwisho la orodha. Alikuwa amelikwepa. Nilikuwa nimemuuliza mara mbili akasema bado. Siku hiyo aliniambia, "Leo hawagawi. Watakaa pamoja wote, kutoka mwanzo hadi mwisho." Alivipanga vijiaskari akavipangua, akavipanga upya, na viwili vikaanguka chini, nikavitafuta chini ya meza na magoti yangu yanalia. Nikiwa pale chini nikaamua. Nilisema moyoni, huyu mzee anatamani sana ushindi huu, na mimi nitampa. Wakati nafunga, mchana kweupe.

Ilikuwa rahisi mno. Alitupa mbili, nikasoma tano. Nilitupa sita, nikasoma moja. Askari wake wa buluu wakateremka wote pamoja wakapita katikati ya mahema yangu, na mizunguko ya mchezo ikaisha, jua la mezani likatua wakiwa hai. Nikapiga kofi. "Umeshinda, Mzee!" Safari hii hakuomba chai. Kesho yake akasema tucheze tena, nikamwachia tena. Siku ya tatu vilevile. Nikaandika kwenye daftari: pamoja, ushindi, ushindi, ushindi.

Siku ya nne hakutaka mchezo. Aliniomba nimgeuzie kiti kuelekea ukutani. Chakula nilikipeleka moto nikakirudisha baridi. Nikadhani ni kifua, nikapima joto, hana homa. Binti yake alipiga simu saa tisa kama kawaida yake, nikamwambia ukweli kwamba baba yake anakula vijiko viwili kwa siku, naye akaniambia nisubiri, halafu akasema kwa sauti ya mtu aliyelia ofisini na kunawa uso, kwamba hali ikiendelea hivyo mpaka mwisho wa mwezi atamhamishia kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nilimwelewa. Na mimi nina mama Mombasa anayetunzwa na watu wengine.

Zilipita siku nane. Siku ya nane nilimaliza kumnyoa, nikawa nasuuza wembe, akaanza kuongea akiwa ameutazama ukuta.

Alikuwa Vietnam, kijana wa miaka ishirini na moja, na alikuwa mkubwa wa kundi la watu tisa. Walifika kwenye mto. Hakujua kilichoko mbele. Akawagawa: watano wabaki naye ukingo huu, wanne wavuke wafuate ukingo wa pili, wakutane mbele darajani. Wale wanne hawakufika darajani. Aliwasikia kwa dakika chache, basi.

"Maisha yangu yote nimejiuliza kama wangekuwa hai lau tungekaa pamoja," alisema. "Nimesoma kila kitabu cha vita vile vya mezani, kwa sababu na yule kamanda aliwagawa watu wake. Nilikuwa nikiogopa kulicheza chaguo lile. Kila nilipokuona unanishinda katika mengine nilishukuru. Nilisema, labda hakuna kitu ambacho kingewaokoa wale, basi labda hata wangu. Sasa nimejua. Wakikaa pamoja wanaishi. Mara tatu kwa tatu."

Nikasimama na wembe mkononi.

Njiani kurudi nilimpigia shoga yangu, ambaye ndiye aliyenitafutia kazi hii. Yeye ni wa bara, mtu wa kanisani, muuguzi wa hospitali, na mambo yake ni ya haraka. Nilimweleza yote huku nimekwama kwenye foleni darajani.

"Ngoja, ngoja," alisema. "Si ulikuwa unam-treat vizuri tu? Kosa yako ni gani?"

"Nimemwambia kwa dadu kwamba yeye ndiye aliyewaua wenzake."

"Hukumwambia hivyo. Yeye mwenyewe ndio ali-conclude. Sasa sikiza, usi-confess kitu. Ukimwambia ulikuwa una-cheat, binti yake ataku-report kwa agency, na huko hawataki kusikia story ya babu yako. Mwambie tu mcheze tena, umshinde, story iishe."

"Nimwambie uongo mwingine? Mwenzio nimefunga."

"Na ulipokuwa unamdanganya hukuwa umefunga?"

Hapo alinipata. Nilimwambia na-drive, nitampigia baadaye, na sikumpigia. Nyumbani nilifuturu kwa tende na maji, nikashindwa kula mahamri niliyoyapika mwenyewe. Mume wangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia nimechoka, jambo ambalo kila siku ni kweli, kwa hiyo hakuuliza zaidi.

Kesho yake nilimvalisha Mzee, nikamkalisha, nikavuta kiti mbele yake, upande wa sikio ili anione.

"Mzee, zile mara tatu hukushinda."

"Unasema nini?"

"Nilisoma dadu uongo. Zako nilizipandisha, zangu nilizishusha. Nilikuachia."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa kelele. Hakupiga kelele. Uso wake wote ukawa mwekundu.

"Umenifanya mtoto mdogo," alisema.

"Nimekufanya babu yangu."

"Mimi si babu yako! Nimelala siku nane nikijua nimewaua vijana wanne. Siku nane, kwa sababu wewe ulitaka niwe na furaha?"

Nililia, na sikulia kwa adabu. Akaniambia nitoke mbele yake, nikaenda jikoni nikasimama kando ya sinki. Nilifikiria kazi itakavyopotea, lakini nasema kweli, hilo halikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa na uhakika mkubwa hivyo kuhusu kinachomfaa mtu, na sikuwahi hata kumuuliza. Mara nikawaza babu, kama naye alijua tunamwachia, na kama hakujua, nani kati yetu angemwambia. Wazo hilo nililiacha upesi.

Baada ya muda akaniita. Sauti ilikuwa ya amri.

"Lete dadu. Utapanga askari wote, na utacheza kwa nguvu zako zote. Dadu nitazisoma mimi. Zangu na zako. Hutazigusa baada ya kutupwa."

"Sawa, Mzee."

"Na ukinihurumia safari hii nitajua."

Asingejua, lakini nilimwapia. Niliapa kwa mwezi ule tulio nao kwamba hakuna atakachosikia kutoka kwangu ila kweli, maana saumu yangu nilikuwa nimeitoboa vya kutosha.

Tulicheza polepole sana. Kila dadu ikisimama aliitafuta kwa kiganja, akaipapasa juu kwa kidole cha shahada, akataja namba, na kila mara alikuwa sawa. Mimi nilicheza kwa hasira ambayo sikujua ninayo. Niliwatoa farasi wangu kwenye kila bonde. Niliwazungusha nyuma ya vilima. Niliwafikiria wanawake wa kijiji kile wakikimbiza watoto na masufuria bado motoni, nikawarusha vijana wao mbele bila huruma. Askari wake walikaa pamoja, mkusanyiko mmoja wa buluu, na walipungua. Huku napigana nilikuwa naomba nishinde, na nilijua nikishinda ni kwa sababu ya dadu, na akishinda yeye ataurudia ukuta wake na safari hii hakuna wa kumtoa. Binti yake alipiga simu, ikalia mpaka ikanyamaza.

Kwa kanuni zake, jua la mezani likitua na askari wowote wa farasi wako hai, wenye kijiji huondoka, kwa sababu jeshi lililokuwa nyuma linakaribia. Tulifika mzunguko wa mwisho. Walibaki wachache juu ya kilima kimoja, wamegusana mabega, na mimi nimewazunguka; kwa kanuni, waliozungukwa wakishindwa dadu moja wanakwenda wote. Nikatupa dadu yangu. Akaipapasa.

"Tatu," alisema. Ilikuwa tatu.

Angetupa nne, tano au sita, wangeishi. Alitupa. Dadu ikabiringika ikagonga kibati cha dawa ikasimama upande wangu, mahali pa mwanga. Ilikuwa tano. Niliiona wazi, kitundu kimoja katikati na vinne kwenye pembe.

Mzee akanyoosha mkono, kiganja kikaipata. Kidole kikatua katikati, kwenye kile kitundu kimoja, kikakaa hapo. Kisha kikasogea kidogo kuelekea pembeni, kikafika ukingoni, kikasimama. Kikarudi katikati. Nje gari la kuzoa theluji lilipita na madirisha yakatikisika, likaenda zake, na kidole bado kiko palepale.

"Moja," alisema.

Sijui mpaka leo kama vidole vyake vilikuwa vimechoka. Alikuwa amepapasa dadu kwa saa tatu na hakuwa amekosea hata mara moja. Alinigeuzia sikio lake ili anione, na jicho lake la pembeni lilikuwa na maji.

"Wewe unaona ngapi?" aliuliza.

Nilikuwa nimeapa. Nilikuwa nimefunga. Nilikuwa nimelia mbele yake kwa ajili ya jambo hilihili siku ileile.

"Moja, Mzee."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Akawashika wale wa mwisho juu ya kilima, akawalaza mmojammoja, kwa mkono mwepesi, kama mtu anayelaza watoto bila kuwaamsha.

"Kwa hiyo hata wangekaa pamoja," alisema.

"Hata wangekaa pamoja."

Akashusha ile pumzi ya siku za mwanzo, ambayo sasa niliijua ni ya nini, akaniuliza kama kuna supu. Nikampashia, akanywa bakuli zima na mkate juu yake. Mimi nilibaki jikoni nikamwomba Mungu msamaha. Nilifundishwa utotoni, kwenye chuo cha Kurani, kwamba toba bila majuto si toba. Nilijitafuta majuto pale kando ya jiko, nikatafuta mpaka zamu yangu ikaisha, sikuyapata.